Sikudhani na Suruali za Njoro

Mwanzoni mwa 1969 Sikudhani binti Sadallah alikuwa na miaka kumi na sita, cherehani ya mkono aliyoachiwa na bibi yake, na hakuwa na mteja hata mmoja. Watu wa mtaa wake wa Njoro walipeleka nguo zao kwa mafundi wanaume wa mjini. Msichana, walisema, ashone foronya.

Kilichomletea wateja ni vita dhidi ya suruali za kubana. Vijana wa kamati ya mtaa ya kulinda utamaduni, wakiongozwa na Urbanus, karani wa stoo ya kahawa, walisimama karibu na stendi na chupa tupu ya soda. Waliitumbukiza kiunoni mwa mpita njia. Ikiteleza hadi chini, anakwenda zake. Ikikwama gotini, suruali inapasuliwa kwa mkasi. Waliamini wanajenga taifa. Cha uhakika ni kwamba walimjenga Sikudhani.

Kijana wa kwanza aliingia uani kwa Mzee Sadallah akiwa amejifunga kanga ya dada yake, suruali iliyochanwa mpaka pajani ameishika mkononi.

"Dada, hii itapona?"

Sikudhani aliigeuza. "Haitarudi ilivyokuwa. Nitaitia kipande kila upande, ipumue."

"Na chupa je?"

"Kaazime moja dukani, tujaribu hapahapa."

Tangu siku hiyo hakuna suruali iliyotoka pale kabla ya kupimwa. Habari zikaenea mpaka Kiboriloni. Mzee Sadallah, aliyekuwa akisema binti yake anachezea uzi, aliwahamishia mbuzi wake kwa jirani ili wateja wapate pa kukaa.

Alasiri moja akaja Urbanus mwenyewe, na kifurushi cha gazeti kwapani. Sikudhani aliacha kuzungusha cherehani.

"Nasikia unashughulika na suruali," Urbanus alisema.

"Napanua tu, kaka. Sibani hata moja."

"Ndicho nilichofuata." Alifungua gazeti. Ndani mlikuwa na suruali nyembamba kama soksi. "Lakini wenzangu wasijue."

"Za wenzako wawili ziko pale kwenye kamba."

Urbanus aliitazama kamba, akavuta kigoda, akasubiri zamu yake.

Miaka michache baadaye vijana walianza kuvaa bugaluu, suruali zenye miguu mipana ya kufagia barabara. Kamati ikatangaza kwamba upana nao ni uharibifu wa utamaduni, ikabadilisha chupa kwa rula. Suruali zilezile zikarudi kwa Sikudhani kuondolewa vipande. Wakati huo alikuwa na cherehani nne na wasichana watatu wa kumsaidia kushona. Mmoja wao, Digna, aliuliza kama atupe vile vipande.

"Viweke," Sikudhani alimwambia. "Viongozi wetu ni watu wa kufikiri upya."

Mwaka 1975 kamati ilitaka sare za gwaride la Saba Saba, na fundi aliyeaminika kwa vipimo halali alikuwa mmoja tu. Urbanus, sasa mwenye kitambi, alisimama apimwe.

"Zisibane," alisema. "Wala zisiwe pana."

"Zikae vipi, basi?"

Alifikiri sana. "Unajua wewe."

Siku ya gwaride kamati nzima ilipita uwanjani, suruali zote sawasawa. Mzee Sadallah, aliyekaa mbele, aliwaonyesha majirani mishono ya binti yake, mguu kwa mguu, mpaka hotuba ikaisha bila yeye kusikia neno.