Mpima Alikuja Ijumaa

Mamangu na jirani yetu walikuwa hawasemezani tangu mimi ni msichana wa shule, na sababu ilikuwa mnazi. Mnazi wenyewe uliota upande wetu, karibu kabisa na mpaka, halafu ukapinda, ukaenda kuweka kichwa juu ya banda la kuku la jirani. Nazi zikikomaa zilianguka kwake. Mamangu alisema mnazi ni wa mwenye shina. Jirani alisema mnazi ni wa mwenye kuangukiwa, kwa kuwa anayehatarisha utosi wake kila akienda kuokota mayai ni yeye. Kesi ilifika kwa wazee wa mtaa, ikafika kwa chifu, ikafika kwa imamu, na kila aliyeisikiliza alibeba nazi mbili tatu za ushahidi akaenda zake bila kuamua kitu.

Nyumba zetu ziko Mambrui, upande wa mashamba. Mimi nimeolewa Malindi, nauza vitambaa, na nilikuwa nikija kumwona mamangu kila nikipata nafasi. Siku moja nilimkuta amekaa kibarazani na chai imepoa mbele yake. Mamangu hajawahi kuiacha chai ipoe. Nikajua pana jambo.

"Wamekuja tena," akaniambia.

Alikuwa akimaanisha madalali. Miezi ile walikuwa wakipitapita mtaani na miwani yao myeusi, wanapiga picha kuta za watu kwa simu, wanahesabu hatua kutoka kisimani hadi barabarani. Tetesi zilikuwa zimeenea kuwa nyumba moja katika safu yetu imeshauzwa, na mnunuzi ana karatasi zote. Nyumba ipi, hakuna aliyejua. Kila mtu alimwangalia mwenziwe kwa huruma na kumwomba Mungu iwe ni ya yule.

"Mimi nimezaa hapa na nimefiwa na mume hapa," mamangu akasema. "Sitoki hapa ila kwa jeneza. Lakini mwanangu, karatasi sina."

Nilidhani sikusikia vizuri. Miaka yote ile nilijua hati miliki imo ndani ya kasha lake la nguo, chini ya kanga za harusi, ambako hatukuruhusiwa kugusa.

"Huna vipi?"

"Tuliandikwa. Mpima alikuja akatuandika."

Hadithi ya mpima niliijua, maana ilikuwa kichekesho cha nyumbani. Serikali ilipotuma mtu wa kupima viwanja, alikuja Ijumaa mchana. Wanaume wote walikuwa msikitini. Mpima alikuwa mgeni na alikuwa na haraka, basi akaingia nyumba hadi nyumba akaandika aliyemkuta. Wanaume walipotoka kuswali walikuta safu nzima ina majina ya wake zao. Marehemu babangu, tangu siku hiyo, alikuwa akifika mlangoni anapiga hodi na kuuliza kama mwenye nyumba atampa ruhusa ya kuingia. Mamangu alikuwa akimjibu kuwa atafikiria.

"Na hati zilipotoka?" nikamwuliza.

"Zilikuja kugawiwa barazani kwa chifu. Sikwenda."

"Kwa nini?"

Akauelekeza mdomo upande wa banda la kuku. "Na yule atakuwepo kwenye foleni? Nikasimame nyuma yake?"

"Si ungesimama mbele."

"Mbele yake pia sikutaka."

Nilipandwa na hasira hadi nikashindwa kunywa chai yangu mwenyewe. Mtu anaacha hati ya nyumba kwa ajili ya mnazi! Baadaye nilikuja kujua kuwa jirani naye hakwenda barazani siku ile, kwa kuogopa kumkuta mamangu.

"Basi nenda kanifanyie hiyo sachi," mamangu akasema, kana kwamba ananituma mahamri dukani. "Nijue nyumba ni yangu au nimeshauzwa kama mbaazi."

Nikaenda. Sachi, kwa asiyejua, ni kuuliza ofisi ya ardhi kiwanja fulani kimeandikwa kwa jina la nani na kama kina deni au zuio. Jambo jepesi, mradi uwe na namba ya kiwanja. Mimi sikuwa nayo. Dirisha la kwanza wakanituma chumba cha ramani nikaitafute namba. Chumba cha ramani wakaniuliza nataka kuona kiwanja namba ngapi. Nikarudi dirishani. Nikarudi chumbani. Mara ya tatu karani wa ramani, bwana mmoja mrefu aliyevaa sweta katika joto lile la pwani, akanihurumia, akaniambia nikae kwenye benchi atanitafutia kwenye ramani.

Kwenye benchi nilimkuta binti wa jirani yetu.

Huyu tulikaa dawati moja shuleni. Tulichangia kalamu, tulichangia kichana, na alipougua tetekuwanga nikaugua naye. Ulipokuja ugomvi wa mnazi tukaambiwa tuachane, tukaachana. Sasa alikuwa mama mzima mwenye miwani, ana bahasha mapajani. Mimi pia nilikuwa na bahasha mapajani. Nikakaa ncha hii ya benchi, yeye ncha ile, na kila mmoja akaisoma notisi ya ukutani kama ina habari za jamaa zake.

"Wa Mambrui!" karani akaita.

Tukasimama wote wawili. Yule bwana hakuwa na haja ya kuhangaika mara mbili kwa mtaa mmoja, akatandaza ramani moja mezani, akatuambia tuonyeshe. Huu hapa msikiti. Hiki hapa kisima. Hii njia ya kwenda barabarani. Kidole changu kikatua juu ya nyumba yetu, chake kikatua juu ya nyumba yao, vikakaribia kugusana, tukavirudisha haraka. Karani akatuandikia kila mmoja namba yake, tukajaza fomu, tukalipa, tukaambiwa turudi wiki ijayo.

Wiki iliyofuata tulikuta benchi lilelile, tukakaa ncha zilezile. Karani akaja na majibu, akaanza na langu. Akasoma namba, akasoma ukubwa, akasema hakuna deni wala zuio wala mauzo yoyote. Moyo wangu ukatulia. Kisha akasoma jina la mwenye kiwanja, na lilikuwa jina la jirani yetu, kamili, hadi la babu yake.

Sitaki kusema uongo, nililipuka. Nilimgeukia yule binti nikamwambia kumbe ni nyinyi. Kumbe mnazi haukuwatosha. Nikamwambia wezi wakubwa, tena wezi wenye subira, mnakaa na mtu miaka yote hii mnaokota nazi zake na nyumba mmeshaiba. Watu wa foleni wakasogea karibu ili wasipitwe. Mzee mmoja akaweka mkono sikioni.

Karani akangoja nivute pumzi, kisha akasoma jibu la pili. Kiwanja cha nyumba ya jirani, hakuna deni, hakuna zuio, hakuna mauzo. Mwenye kiwanja: mamangu.

Nilikuwa bado nimeinua kidole hewani.

"Haya, endelea," binti wa jirani akaniambia. "Ulikuwa umefika kwenye wezi wenye subira."

Nilikaa chini. Yeye akavua miwani akaanza kucheka, kicheko chake kilekile cha darasa la nne cha kukoroma puani, na mimi nikacheka hadi nikalia. Aibu niliyoiona ilikuwa kubwa, lakini nilikuwa nimekikosa kicheko kile, na sikujua hadi nilipokisikia.

Tulirudi pamoja kuwaeleza mama zetu. Niliyemwogopa ni mamangu, nikidhani atazimia akisikia nyumba yake imo katika jina la adui. Alinisikiliza hadi mwisho, akatafakari.

"Kwa hiyo banda la kuku ni langu?"

"Mama, si hilo la muhimu."

Alishatoka. Nilimkuta mpakani, na jirani naye ameshafika upande wa pili, maana habari zilikuwa zimemfikia wakati uleule. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu utotoni kuwaona wakitazamana.

"Nazi zote zinaangukia kiwanja changu," mamangu akasema. "Mnazi ni wa mwenye kuangukiwa. Si ndivyo ulivyokuwa ukisema mwenyewe?"

"Thubutu!" jirani akajibu. "Shina liko kwangu. Mnazi ni wa mwenye shina, na maneno hayo ni yako, chifu ni shahidi."

Wakaendelea hivyo, mmoja akitumia hoja za mwenziwe neno kwa neno, bila hata mmoja kuona haya. Kumbe kila mmoja alikuwa ameisikiliza kesi ya mwenziwe vizuri kuliko chifu. Mimi na rafiki yangu tulikaa juu ya gogo tukangoja wachoke.

Walipochoka tukawaeleza la muhimu. Ofisi itarekebisha kosa, lakini wenye viwanja sharti waende pamoja, waeleze ilivyokuwa na watie sahihi. Wasipokwenda, mambo yatabaki hivyo.

"Ina maana huyu akitaka ataniuza?" mamangu akaniuliza.

"Na wewe ukitaka utamuuza."

Akalifikiria jambo hilo kwa hamu ambayo sikuipenda. Jirani naye nilimwona akilifikiria. Kila mmoja akaingia kwake bila kuagana, na habari ya kwenda ofisini pamoja hakuna aliyeitamka.

Foleni ile ya ofisini ilikuwa na masikio, na dalali mmoja akapata habari. Alikuja baada ya siku chache, asubuhi, nami nilikuwepo. Hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani. Mamangu akanishika mkono akanivuta hadi nyuma ya banda la kuku, tukachutama hapo kama watoto wezi wa mapera, tunasikiliza.

"Shikamoo, mama," dalali akasema.

"Marahaba."

"Mama, una mali umeikalia. Ile nyumba ya pili, kiwanja chake ni chako kisheria. Wewe tia dole tu, mengine niachie mimi. Wala huhitaji kuhama."

Nikamsikia jirani akiendelea kuparua samaki wake. Nakiri kuwa nilikatika maini. Mwanamke huyu alikuwa na kinyongo cha miaka, ana sheria upande wake, na mtu wa kumfanyia kazi amesimama mbele yake.

"Baba," jirani akasema mwishowe, "ile ni nyumba ya watu."

"Lakini kisheria, mama..."

"Ile nyumba nimewaosha watoto wake wakizaliwa. Nimemsomea mumewe yasini akifa, kwa siri, dirishani kwangu, kwa kuwa hatusemezani. Nitaiuzaje nyumba ya watu? Toka. Toka kabla sijakumwagia maji haya, na ni ya samaki."

Dalali alitoka mbio akapoteza kiatu kimoja. Mamangu hakucheka. Alikaa pale chini katikati ya manyoya ya kuku akafuta macho kwa ncha ya leso yake.

"Mwambie bintiye," akasema, "hiyo safari iwe Jumatatu."

Jumatatu wakakaa mbele ya karani yule wa sweta, bega kwa bega, mabuibui yao yamepigwa pasi. Yeye akachukua kalamu akauliza ilikuwaje hadi kila mmoja akaandikwa kwenye kiwanja cha mwenziwe.

Mamangu akaeleza habari ya Ijumaa na msikiti.

"Sawa. Wewe mwenyewe, mama, mpima alikukuta wapi?"

"Jikoni kwa huyu, nakuna nazi. Mbuzi yangu ya kukunia ilikuwa butu. Nimeikalia mbuzi, nazi mkononi, akaniuliza jina langu nikamtajia. Hakuniuliza kwako ni wapi."

Karani akamgeukia jirani. "Na wewe?"

"Kwake. Chungu chake cha wali kilikuwa motoni, nimebaki nakiangalia kisiungue. Nikaulizwa jina nami nikataja."

"Yaani siku ile mlikuwa mmebadilishana majiko?"

"Si siku ile," jirani akasema. "Ndivyo tulivyokuwa, mwanangu. Kila siku."

Karani aliacha kuandika. Mamangu alikuwa akitazama viatu vyake. Kwa miaka ile yote hakuna aliyenikumbusha kwamba kabla ya mnazi palikuwa na jambo jingine, na mpima yule wa haraka, bila kujua, ndiye mtu wa pekee aliyeliandika. Nilimtazama mwenzangu wa dawati, naye alikuwa ameshavua miwani.

Wakatia sahihi. Kutoka nje, mamangu akasema kwa sauti, bila kumlenga mtu, kwamba sasa shina limerudi kwake. Jirani akasema kichwa nacho kimerudi kwake. Wakaendelea na mabishano hadi nyumbani, kila mmoja na hoja zake za zamani, na walionekana wamefurahi kuzipata tena.

Hati zilipotoka nilizichukua mimi zote mbili. Niliingia nyumbani asubuhi bila hodi, bahasha mkononi, nataka nimwone mamangu anavyoisoma. Jikoni nikasikia nazi inakunwa. Aliyekaa juu ya mbuzi alikuwa jirani yetu, kanga kiunoni, hakuinua hata kichwa.

"Weka hapo juu, isije ikamwagikiwa na tui," akasema.

"Mamangu yuko wapi?"

"Kwangu, anaangalia samaki wangu wasiungue."

Niliziweka hati juu ya kabati. Lau mpima angepita asubuhi ile, angewaandika vilevile tena.