Mechi yetu, ufunguo kwao

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mama yangu mzazi!

Mdogo wangu anachezea timu ya taifa. Mimi, mwenye dishi la kwanza Maganzo, nikamleta mama kutoka Kishapu: "Leo utamwona mpaka jasho lake!"

Mpira unaanza, runinga ikaandika Kizungu. Darasa langu la tano lilitosha kusoma: nchi yenu hairuhusiwi.

Uwanja wetu, wachezaji wetu, haki ya kuonyesha picha wameuziwa wageni! Nani kauza? Mnaojua semeni.

Kilichofunguliwa ni ligi ya Wazungu tu.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Wamemfungia, mama."

Akatazama Wazungu dakika tisini. Mmoja akaumia, mama akashika kifua. "Mayo, mama wee! Huyu, mama yake anamwona?"

"Anamwona, mama. Hata Maganzo nzima tunamwona."