Kona ya Ngoja Kwanza

Kila mtu alikuwa na lake kuhusu jina la kona ile. Kinyozi aliapa kwamba lilitokana na marehemu baba yake, aliyekuwa akimwacha mteja na kichwa nusu upara ili akamalizie drafti. Fundi viatu akasema huo ni uzushi mtupu: chanzo ni babu yake, ambaye kiatu chako akishakitia mkononi utakifuatilia mpaka uchoke. Yaani watu wazima na akili zao wakagombea sifa ya uvivu!

Fundi cherehani aliwasikiliza huku akikata uzi kwa meno. Yeye ndiye aliyejua. Miaka arobaini nyuma, yeye akiwa bado bibi arusi, mumewe, tarishi wa posta, alikuwa akitoka mbio kila asubuhi vifungo vimekaa kombo, naye humfukuza mpaka kwenye kona akipiga kelele, "Ngoja kwanza!" Watu wakacheka, jina likaganda. Yeye akaona haya, akawaachia wanaume ubishi wao.

Sasa yule tarishi, aliyejua anwani za mji mzima, kumbukumbu zimemtoka. Hutoka bila kuaga, akapotea. Lakini hurudishwa, kwa kuwa jina moja halijamtoka kichwani: "Nipelekeni Ngoja Kwanza."

Ndiyo maana mwenyekiti wa mtaa alipotangaza kikaoni kwamba kona itaitwa Barabara ya Tisa, moyo wa fundi cherehani ulipiga paa. Kinyozi na fundi viatu wakarukiana tena.

"Mnaona?" mwenyekiti akasema. "Hata nyinyi hamjui. Jina gani hilo lisilo na mwenyewe?"

Fundi cherehani akasimama. "Mwanangu, jina hilo ni langu."

"Hapana, mama," mumewe, aliyeketi kando yake, akamkatiza kwa adabu, kama anavyosemeshwa mgeni. "Ni la mke wangu. Wewe humjui. Nikikosea vifungo hunikimbiza mpaka konani anifungie mwenyewe." Akacheka kidogo. "Navikosea makusudi."

Mwenyekiti akakohoa, akaifuta Barabara ya Tisa kwenye karatasi yake.

Fundi cherehani alikuwa analia waziwazi, wala hakujali. Alilitazama shati la mumewe: vifungo kombo, kuanzia shingoni hadi chini.

"Basi niende," mzee akasema, akiuelekea mlango. "Atakuwa ananitafuta."

"Ngoja kwanza," mkewe akamwambia.

Akageuka, akainua kidevu ili afungiwe vifungo.