Kidole Gumba cha Mstari wa Mbele

Siku za kupiga kura katika Bunge la Ulaya, Strasbourg, hakuna anayemtazama usoni yule bwana wa mstari wa mbele. Wote wanatazama kidole gumba chake. Yeye ndiye mpiga ishara wa kundi lao la vyama, anayewaonyesha wenzake wapigeje kura: kidole kikielekea dari ni ndiyo, kikielekea sakafu ni hapana. Kura mia kwa saa moja, na muda wote anamung'unya pipi nyeusi ya chumvi kwenye shavu lilelile. Triinu, mbunge mgeni kutoka Estonia anayeketi ubavuni mwake, hujiuliza kama kidole kile huwa kinachoka.

Siku ya sheria ya kupiga marufuku nyavu zinazokwangua sakafu ya bahari, kidole kilishuka. Wabunge wa nyuma wakabonyeza hapana, na Triinu naye akabonyeza. Ndipo akaona mkono wa kushoto wa yule bwana umewasha taa ya kijani, ya ndiyo. Kwenye skrini, sheria ilianguka kwa kura moja.

"Mheshimiwa, umekosea kitufe!"

"Sijakosea."

"Si umetuambia hapana?"

"Kundi ndilo limewaambia. Kidole ni cha kundi, dada. Kura ni yangu." Akahamishia pipi shavu la pili, akainua tena mkono. "Kwani wewe yako umempa nani?"