Kovu Nililolifuta

Kwa nini mtu akubali kosa ambalo si lake, mbele ya wateja wake, ilhali mkosaji amesimama hatua mbili nyuma yake na ana mdomo wa kusema? Swali hilo nimelibeba kwa miaka mitatu na mpaka leo sina jibu. Aliyeweza kunijibu amefariki. Binti yake alinipigia simu Jumatatu asubuhi, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Mum ametuacha. Ni presha. Alisema picha ya mazishi uitengeneze wewe, si mtu mwingine." Nikampa pole, nikakubali, nikakata simu. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa majonzi. Kilikuwa aibu.

Wasomaji wa safu hii hawamjui, ingawa waliwahi kumhukumu kwa sababu yangu. Alikuwa mpiga picha mwenye chumba kimoja mjini Nakuru, nyuma ya duka la viatu, mahali watu huingia kupigwa picha za pasipoti na kutoka baada ya dakika kumi. Kazi hiyo aliianza enzi za filamu, akizunguka bustanini siku za sikukuu na kamera shingoni, na kompyuta ilipokuja alijifunza mwenyewe kwa kubonyeza na kukosea. Nilimwendea nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Mhariri wetu alikuwa ametangaza kwamba waandishi wa safu tutatuma picha zetu wenyewe, zikiwa zimekwisha kurekebishwa, nami nilikuwa nimenunua kamera iliyonizidi akili na kompyuta yenye programu ya kuhariri picha ambayo sikujua hata pa kuanzia. Alikubali kunifundisha Jumanne na Alhamisi, kwa sharti kwamba nikae nyuma ya kaunta na nisiwasumbue wateja kwa Kiswahili changu cha gazeti.

"Profesa," aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, ingawa sijawahi kuwa profesa wa chochote, "hiyo ni kipanya, si jembe. Polepole. Unalima uso wa mtu." Mkono wangu ulikuwa mzito kweli. Somo la kwanza halikuwa la rangi wala mwanga, lilikuwa la nakala. "Chukua ni kama hii ni picha ya mama yako, ya pekee iliyobaki. Unaweza kuiandika na kalamu? Huwezi. Unaweka nailoni juu yake, unaandika kwa nailoni. Ukikosea, unatoa nailoni na mama yako bado yuko. Kwa hivyo nakala kwanza. Hata kama una haraka. Hata kama ni Rais." Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu na kuyapigia mstari, kama mwanafunzi anayeamini kwamba kuandika ndiko kujua.

Kilichonilevya zaidi ni brashi ya kufuta madoa. Ukiipitisha juu ya chunusi, chunusi inatoweka na ngozi inajifunga kana kwamba haikuwahi kuwa na kitu. Wiki mbili nzima nilifuta kila nilichokiona, hata doa la kuzaliwa lililo shavuni mwa jirani yangu, ambalo yeye mwenyewe hulipenda. Mwalimu wangu alinitazama akatikisa kichwa. "Umeanza ugonjwa wa wanaoanza," alisema. "Kila mtu hupitia. Kuna wengine hawaponi."

Kwetu huku mtu hazikwi bila picha. Picha huwekwa kwenye fremu, ikabebwa mbele ya jeneza, na huchapishwa kwenye jalada la programu ya mazishi. Wengi hufa bila kuacha picha ya kufaa, kwa hiyo studio huwa na suti. Yule mama alikuwa na folda nzima ya suti, makoti matupu yasiyo na vichwa, naye alijua ipi itamkaa nani. Hata hivyo alikuwa na mpaka wake, na mpaka huo aliniambia wazi: nguo zinabadilishwa familia ikiomba, uso hauguswi.

Alhamisi moja alikuja mjane kutoka Molo, mtoto mchanga mgongoni. Mumewe, mkulima wa viazi, alikuwa hapendi kamera. Kitambulisho chake kilikuwa kimesalimishwa wakati wa kuchukua kibali cha mazishi, na picha pekee iliyobaki ilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yake iliyopasuka kioo: mwanamume amesimama shambani, sweta ya kijani, kovu limepita juu ya jicho. Mjane aliomba suti. Mwalimu wangu aliniachia kazi hiyo, akatoka kwenda kununua fremu. "Suti na mandhari ya nyuma tu, Profesa. Uso wacha."

Alirudi baada ya saa moja. Katika saa hiyo nilikuwa nimemvisha marehemu suti nyeusi na tai nyekundu, na kwa kuwa kila kitu kilienda vizuri, nikaendelea. Nikamng'arisha ngozi. Nikanyoosha mikunjo. Kisha nikapitisha brashi juu ya lile kovu, mara tatu, mara nne, likapotea. Nilijiona fundi. Nikahifadhi, nikachapisha. Sikuwa nimetengeneza nakala. Zaidi ya hayo, badala ya kunakili faili kutoka kwenye kadi nilikuwa nimeihamisha, na nilipohifadhi nilihifadhi juu ya ileile. Uso wa mtu yule haukubaki popote.

Mjane aliishika picha kwa mikono miwili. "Huyu ni nani?"

"Ni mzee wako, mathe," alisema mteja mmoja aliyekuwa akisubiri pasipoti, akachungulia, akacheka. "Lakini amekaa kama meneja wa benki. Hata mimi nifanyieni hivyo, nioe tena."

"Si yeye," mjane alisema. Hakucheka. "Mnipee ile yake."

Mwalimu wangu alitazama skrini, akafungua kadi, akaikuta tupu. Akageuka akanitazama, muda wa kutosha mimi kusema. Sikusema. Akamgeukia mjane. "Ni mimi, mathe. Ni mkono wangu. Ile nyingine imepotea. Nisamehe."

"Kesho tunamzika. Nitabeba huyu mbele ya watu?" Aliirudisha picha kwenye kaunta. "Wewe ni mama mzima kama mimi. Umenichukulia mzee mara ya pili."

Aliichukua kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Mlango ulipofungwa, mwalimu wangu aliniambia niende nyumbani nipumzike, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Ningeishia hapo, ningekuwa mwoga wa kawaida. Lakini mimi ni mwandishi wa safu, na wiki mbili baadaye nilikosa mada. Katika ukurasa huu huu niliandika juu ya studio za mjini zinazowanyang'anya marehemu nyuso zao. Niliuliza kwa nini tunaona haya kuzika mikono iliyotulisha ikiwa na udongo wake. Nilimweleza mjane, mtoto mgongoni, tai nyekundu. Sikutaja jina la mtu, kama ilivyo desturi ya safu hii, na desturi hiyo ikanifaa sana. Barua zilikuja nyingi kuliko kawaida. Msomaji mmoja wa Naivasha aliniita sauti ya wasio na sauti. Niliikata barua hiyo nikaihifadhi.

Mji si mkubwa hivyo. Waliokuwepo kwenye kaunta siku ile walikuwa na midomo, na kazi ya picha za mazishi ikaanza kupungua katika kile chumba. Alhamisi iliyofuata nililikuta gazeti limekunjwa vizuri kando ya printa. "Nimesoma, Profesa," alisema huku akimrekebishia mteja kola. "Umeandika vizuri. Umesahau mtu mmoja tu." Nilicheka kama mtu ambaye hakuelewa. Baada ya hapo nikawa na shughuli kila Jumanne na kila Alhamisi, mpaka ikawa hakuna tena wa kuniuliza.

Nimefikiri sana juu ya makala ile. Kila nilichoandika kilikuwa kweli, isipokuwa nilimtoa mtu mmoja na kuziba pengo vizuri hata msomaji asione palipokuwa na mtu. Siku hizi simu zenyewe hulainisha nyuso bila kuombwa, na sisi tulioenda shule hulalamika kwamba vijana hawataki kuonekana walivyo. Mimi nilianza kabla ya simu hizo. Nimelipwa miaka mingi kunyoosha sentensi, na mahali fulani njiani nikajifunza kujinyoosha nami. Anayeanza kujifunza programu ile hukosea kwa mkono, na kosa hilo husameheka. La kwangu la pili nilikuwa nimelifanyia mazoezi maisha yangu yote.

Binti aliniletea kompyuta ya mama yake na daftari la oda. Ndani ya kompyuta kulikuwa na folda iliyoitwa Profesa: mazoezi yangu yote, na mwishoni mkulima wa Molo katika suti. Kando yake kulikuwa na nakala saba. Katika kila moja alikuwa amejaribu kulirudisha kovu, mara juu ya jicho la kulia, mara la kushoto, fupi, refu, kisha akaacha. Yeye aliliona mara moja tu, kwa haraka. Mimi nililikodolea macho saa nzima. Nikafumba macho nijaribu kukumbuka lilikuwa upande gani. Sikuweza. Nililitazama kwa ajili ya kulifuta tu.

Picha ya mwalimu wangu sikuigusa. Mvi, alama za miwani puani, jino lililopishana na mwenzake. Shangazi mmoja alilalamika, "Si ungemng'arisha kidogo, jameni?" Nikamwambia hapana. Tulimzika Ijumaa alasiri upande wa Njoro, na fremu ilipopita mbele yangu nikiwa katikati ya waombolezaji, watu wakinipa pole kwa kumpoteza rafiki, niliamua. Anayechukua lawama yako akifa, lawama haizikwi naye. Inarudi kwako na inataka kusemwa kwa yule aliyeumizwa, kabla ya kuandikwa popote. Namba ya mjane ilikuwa kwenye daftari la oda.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Molo, baridi, wavunaji wakifunga magunia ya viazi kando ya barabara. Nilimwambia yote nikiwa bado nimesimama mlangoni, makala nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia amenisamehe.

"Alikuja hapa mara mbili, yule mama," alisema. "Akaniuliza hiyo alama ilikuwa wapi. Nilikuwa na hasira. Nilikataa kumwambia."

Picha ilikuwa ukutani, kwenye fremu. Msichana wa miaka mitatu alitoka jikoni akasimama chini yake kunitazama. "Huyu hakumjua babake," mjane alisema. "Huyo wa tai ndiye anamuita baba. Sasa nimwambie nini?"

 Nikamwomba anionyeshe kovu lilipokuwa. Alisita, kisha akanisogelea, akanyoosha kidole kilichokuwa bado na udongo, akakipitisha juu ya uso wangu: kutoka katikati ya nyusi ya kushoto, kupanda, kisha kukunja kuelekea sikioni. "Hapa," alisema. "Mlango wa lori ulimkata." Nikafungua kompyuta ya mwalimu wangu juu ya meza yake, na kabla ya kugusa chochote, nikatengeneza nakala.