Pikipiki ya Mtaliano na Ushauri wa Mtani

Abdulatifu wa Isevya ni mnunuzi wa asali. Kila msimu, kuanzia Juni mpaka Septemba, hutoka Tabora mjini kabla jua halijapanda kwenda Usoke, Igalula au Ulyankulu, kwa warina asali wanaomtambua kwa mlio wa pikipiki yake kabla hawajamwona. Hurudi na ndoo mbili za lita ishirini zimekazwa kwa mpira kwenye keria. Pikipiki yenyewe ni ya Kihindi na ina miaka tisa. Taa ya nyuma imeshikwa na waya, na kiti kimeshonwa mara tatu, mbili kati ya hizo na mkewe, Zuwena. Haijawahi kumlaza njiani hata siku moja.

Ni mtu wa kupima mambo. Asali haionji kabla ya kuinusa, wala hainusi kabla ya kuitazama kwenye mwanga. Ndiyo maana majirani walidhani wamesikia vibaya, Juni mwaka huu, waliposikia anataka kununua pikipiki ya Kitaliano.

Ilianzia Cheyo, kwa Advera, nesi mstaafu anayenunua asali kwake kila mwezi. Siku hiyo, badala ya kupokea chupa yake mlangoni, Advera alimwita uani akaondoa kitenge kilichofunika kitu kikubwa kando ya banda la kuku. Pikipiki nyekundu. Ilikuwa ya Mtaliano mmoja aliyekuwa akichimba visima. Mtaliano huyo aliugua malaria mara tatu, na mara zote tatu Advera alimuuguza. Alipoondoka, miaka kumi na tatu iliyopita, alimwachia mashine hiyo kama shukrani. Advera aliiendesha kwenda kanisani na kurudi mpaka magoti yalipokataa.

"Iwashe," alisema.

Abdulatifu aliiwasha. Ilinguruma kwa chini, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuanza kuposa. Kuku walihama uani.

"Shilingi ngapi, mama?" aliuliza Abdulatifu.

"Milioni tatu, na hiyo yako juu yake. Mimi nataka kitu chepesi cha kunipeleka sokoni, kisicho na maringo. Hiyo yako niachie hapa, hii kaa nayo wiki moja. Jumamosi uniletee fedha na kadi ya pikipiki yako, au uniletee ufunguo wangu. Sitaki hadithi ya katikati."

Milioni tatu ndiyo iliyokuwa mtaji wake wote wa kununulia asali msimu ule. Zuwena alilijua hilo, na Abdulatifu alijua kwamba Zuwena analijua. Kwa hiyo hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwa fundi.

Fundi pekee mjini aliyewahi kuifungua mashine ile alikuwa Ndahani. Zamani alimfanyia kazi Mtaliano yule, na sasa ana gereji yake Kiloleni. Hapo ndipo penye tatizo. Ndahani ni Mgogo, na Abdulatifu ni Mnyamwezi, na hao ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakikatiza Ugogo kwenda pwani na kutozwa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila tone la maji. Ugomvi ule uligeuka utani, na utani una sheria zake: mtani akikutukana hukasiriki, na akikudanganya umejitakia.

"Wacha wee!" Ndahani aliweka spana chini. "Mnyamwezi haoni kitu kizuri bila kutaka kukibeba. Safari hii utajitwika kichwani?"

"Mtani, leo niambie kweli. Naipenda. Matunzo yake yakoje?"

Ndahani aliizunguka pikipiki mara mbili. Aliichungulia chini, akaigonga pembeni.

"Ina mikanda miwili ndani ya injini," alisema. "Ya mpira. Kila miaka miwili inabadilishwa, hata kama pikipiki imelala tu. Mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na injini inabaki sufuria. Mikanda haiuzwi Tabora wala Mwanza. Inaagizwa Ulaya."

Abdulatifu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mikanda! Pikipiki imekuwa mashine ya kusaga?"

"Na valvu zake zinataka vifaa vya kupimia ambavyo mimi mwenyewe sina."

"Endelea, mtani. Bado nakusikiliza."

Ndahani alimtazama, na wale wanaomjua wanasema ndipo jicho lake la kushoto lilipoanza kucheza. "Basi nikufundishe na mengine. Kabla ya kuiwasha, ligonge tangi mara tatu kwa kiganja, usubiri, pampu ipate kushtuka. Na usiku iegeshe ikitazama Dar es Salaam, huko iliposhuka kutoka melini. Ukiielekeza Kigoma, betri inakufa. Ni mambo ya sumaku."

Hapo Abdulatifu aliacha kucheka. Aliomba arudiwe hilo la sumaku, apate kulishika vizuri. Neno la kitaalamu kama hilo, aliona, mtu hawezi kulitunga papo kwa papo.

Kwa siku nne Isevya ilipata burudani. Kila asubuhi Abdulatifu alilipiga tangi makofi matatu, akasubiri akiwa ameinamisha kichwa, kisha akawasha. Jioni aliisukuma pikipiki uani mbele na nyuma mpaka pua yake ilipoelekea mashariki. Zuwena alimtazama kutoka jikoni, kijiko mkononi.

"Baba Najiat, unaisalimia au unaizindika?"

"Ni pampu, mama Najiat. Mambo ya kiufundi."

Jumanne alikwenda nayo Usoke. Kwenye lami, alisimulia baadaye, alijiona kijana wa miaka ishirini na tano aliyevaa mwili wa mtu mwingine. Warina asali walitoka vibandani kutazama, na mmoja wao, Kashindye, aliuliza kama amehamia serikalini. Lakini pikipiki haikuwa na keria. Ilibidi ndoo moja tu ifungwe kwenye kiti cha nyuma, na bomba la moshi lilipita chini ya kiti hichohicho. Kufika Tabora, ndoo ilikuwa imelegea kama embe bivu, na asali ilikuwa ya moto kiasi cha kunyweka.

"Umeipika?" aliuliza mteja wa kwanza, muuza maandazi wa Gongoni.

"Jua la Usoke," alijibu Abdulatifu.

"Jua limepiga chini tu?"

Aliirudisha nyumbani ndoo ile. Hata hivyo jioni hiyo aliifuta pikipiki kwa kipande cha shuka safi, na Zuwena aliitambua shuka.

Zuwena hakugomba. Asali ndiyo iliyomsomesha Najiat, binti yao, mpaka chuo cha ualimu, na bila mtaji hakuna asali. Lakini alikuwa ameolewa miaka ishirini na tisa na hakuwahi kumwona mume wake akikitaka kitu namna hii, hata yeye mwenyewe wakati wa uchumba. Aliona kabla ya kusema lolote inafaa ajue kweli iko wapi. Na kweli aliweza kuipata, kwa sababu moja ambayo mumewe hakuifikiria: Zuwena ni Mmanyema. Babu yake mkuu alifika Tabora kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hana utani wowote na Wagogo.

Alhamisi alivaa baibui akaenda gereji.

"Karibu, shemeji," alisema Ndahani, akimfutia kiti. "Mpagazi wetu hajambo?"

"Hajambo. Fundi, mimi si mtani wako."

"Wewe? Hapana, shemeji."

"Basi nijibu kama fundi. Ile pikipiki inataka nini?"

Ndahani alikaa juu ya gurudumu. Akamweleza polepole, bila jicho kucheza: mikanda miwili, miaka miwili, kuagiza, kusubiri, valvu, vifaa. Mikanda iliyomo iliwekwa na Mtaliano mwenyewe, na yeye Ndahani ndiye aliyemshikia taa.

"Miaka kumi na tatu!" alisema Zuwena. "Na ameikimbiza mpaka Usoke!"

"Nilimwambia, shemeji. Alicheka mpaka akaushika ukuta huo."

"Na kupiga tangi?"

Ndahani alitazama viatu vyake. "Hiyo ni sehemu yangu."

Usiku ule, baada ya chakula, Zuwena alimweleza mumewe. Abdulatifu alitikisa kichwa. "Amekutania na wewe."

"Anitanie kwa lipi? Ana haki gani kwangu?"

Hoja hiyo haikuwa na pa kushika. Abdulatifu alikunywa chai kikombe kizima, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na sumaku?"

"Baba Najiat, hakuna sumaku."

Aliinuka akatoka uani. Zuwena alisikia pikipiki ikisukumwa taratibu. Alipochungulia, aliiona imegeuzwa kuelekea Kigoma. Mumewe alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, akiitazama kama mtu anayeagana na mgeni asiyetaka kuondoka.

"Ukiitaka, inunue," alisema Zuwena mlangoni. "Mimi nitakula ugali na chumvi, nimeshakula zamani. Lakini inunue ukijua."

Kama angemkataza, huenda angeinunua. Zuwena alijua hivyo, na majirani waliosimuliwa walijua hivyo pia.

Jumamosi asubuhi Abdulatifu alikwenda Cheyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fedha au ufunguo?"

Alinyoosha mkono. Ufunguo ulikuwa umelowa jasho. Advera aliupokea, akamtazama usoni kama anavyotazama kidonda. "Magoti na wewe?"

"Mfuko, mama."

Alichukua pikipiki yake ya Kihindi. Iliwaka kwa teke la kwanza, bila kugongwa popote. Njiani akapitia Kiloleni, maana mtu aliyeshindwa hupenda kumpelekea habari yule aliyemshinda.

"Nimeirudisha," alisema.

Ndahani aliinua kichwa. "Umeirudisha kweli? Si utani?"

"Kweli tupu."

Ndahani alinawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, akavaa shati safi, akasema anakwenda kumwona mtu mara moja.

Jumanne, Abdulatifu alipopita gereji, pikipiki nyekundu ilikuwa imesimama ndani, injini wazi, imetandikiwa gunia kama mgonjwa. Alishuka akaingia.

"Ulinitisha ili uichukue wewe!"

"Nilikwambia ukweli, mtani, na mkeo ni shahidi. Hukuuamini."

"Ulijua sitauamini!"

"Hilo nalo ni kosa langu?" Ndahani alitabasamu mpaka jino la mwisho. "Mimi fundi. Mikanda nitaibadilisha kwa mkono wangu. Wewe ungebadilisha kwa nini, kwa nta?"

Nyumbani, Zuwena alimwona jinsi alivyokuwa akizunguka uani. "Kasirika basi," alimwambia.

"Nikasirike vipi? Ni mtani."

"Hata yeye ana mtani," alisema Zuwena, akaendelea kuchambua mchele.

Abdulatifu alisimama. Usiku huo alilala vizuri.

Akasubiri. Mikanda ilifika mwisho wa Agosti, baada ya Ndahani kulipa ushuru alioulalamikia kwa mtaa mzima. Aliifunga kwa siku mbili, akaijaribu, akaisikiliza ikinguruma, akawaita majirani nao waisikilize. Kesho yake, saa nne asubuhi, Abdulatifu alifika gereji kwa miguu, akasalimia wateja mmoja mmoja, akauchukua ufunguo kwenye msumari, akapanda, akaondoka.

"Mwizi!" Ndahani alitoka mbio, spana mkononi. "Jamani, Mnyamwezi kabeba!"

Wateja wanne waliokuwa kwenye benchi walijadiliana kidogo. "Ni mtani wako," alisema mkubwa wao. "Utamshtaki wapi?"

Abdulatifu alirudi alasiri, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, tangi limekauka.

"Na mafuta?" aliuliza Ndahani.

"Mafuta ni ya mwenye pikipiki."

Tangu hapo huja kila Ijumaa baada ya swala. Ndahani ameuficha ufunguo ndani ya kopo la grisi, chini ya kiti, na mara moja ndani ya kiatu alichokuwa amekivaa. Haisaidii. Wateja humwonyesha Abdulatifu kwa macho, na yeye huwaletea kila mmoja kijiko cha asali, isiyopikwa.