Sentensi ya Mlangoni

Mama Fundi alikaa miezi mitatu ughaibuni kwa binti yake, na lugha yote ya kule aliyorudi nayo ni sentensi moja. Binti alimfundisha siku ya pili tu. "Wageni wakigonga, mama, fungua mlango useme hivi. Maana yake: karibuni, mimi ndiye mama yake."

Mama akaikariri huku akipiga pasi mashati ya mkwe, kama anavyokariri vipimo vya wateja, bila daftari. Wageni walipokuja aliitoa bila kigugumizi, nao wakamkabidhi makoti yao. Akaona kweli watu wa kule wana adabu. Adabu gani!

Aliporudi kwenye cherehani yake akawa hashikiki. Kila mteja lazima aisikie sentensi, atake asitake.

Juzi akaingia mwalimu mmoja aliyewahi kusoma kule. Mama Fundi akamtolea sentensi yake huku akimzungushia futi kiunoni. Mwalimu akacheka kwa furaha.

"Kumbe tuko wengi tuliohangaika kule! Mimi nilikuwa naosha vyombo hotelini. Wewe ulikuwa mtumishi kwa nani?"

"Nani kasema mimi mtumishi?"

"Si wewe mwenyewe? Umesema: mimi ni mtumishi wa humu ndani, bosi wangu anakuja sasa hivi."

Mama Fundi akampima kiuno, akampima tena kiuno kile kile. Simu ikaita. Ni binti. Akaipokea, akasafisha koo, akamsalimu mwanawe kwa sentensi ile ile, bila kukosea hata neno moja.